Asubuhi za Santo Domingo: Miti na Ndege wa Mji Mkongwe wa Karibi

Jumatatu, Calle Las Damas

Mwezi Juni jua la Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, huchomoza karibu saa kumi na mbili, na hiyo ndiyo saa ya kutoka. Ikifika saa tatu mji wa kale unakuwa wa watalii, wauza kofia na foleni za magari. Kabla ya hapo ni wa wafagiaji, wa wauza kahawa wanaozunguka na chupa za chai, na wa ndege. Nimejiwekea ada moja tu kwa juma hili: kutembea kila asubuhi nikitazama kilicho hai. Vibao vya historia vimepigiliwa kwenye kuta nyingi na wengi wameshavisoma. Miti na ndege havijaandikiwa kitu, ilhali navyo vina asili yao na vina safari zao.

Nimeanzia Calle Las Damas, mtaa unaokwenda sambamba na mto Ozama. Ndiyo barabara ya kwanza Wahispania kuitandika mawe katika Amerika. Mji wenyewe ulianzishwa na Bartolomé Colón, ndugu wa Kristofa Kolumbasi, ng'ambo ya mashariki ya mto mwaka 1496. Kimbunga cha 1502 kikauangusha, na gavana Nicolás de Ovando akauhamishia upande huu. UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1990. Hayo yote yako kwenye vibao.

Mimi nilisimama kutazama ukuta. Kwa mtu aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja ukuta huu hauna ugeni: ni jiwe la matumbawe. Jiwe hili lina vitundu, linanyonya mvua na kubaki na unyevu ndani, na mbegu ikidondoshwa na njiwa kwenye ufa haikosi kuota. Kwetu huota mitini midogo inayopasua paa za nyumba za mabwanyenye wa zamani. Hapa nimekuta mmea unaoitwa copey, wenye majani mapana, mazito na magumu, umeshika ukutani kwa mizizi ya juu, hauna udongo wowote wa maana, na bado unachanua maua meupe yenye wekundu kidogo.

Copey umenipeleka hadi Fortaleza Ozama, nikasubiri lango lifunguliwe. Ndani ya ua imesimama sanamu ya Gonzalo Fernández de Oviedo. Alikuwa mkuu wa ngome hii katika karne ya 16, na humohumo akaandika juu ya wanyama na mimea ya visiwa hivi kwa undani ambao watangulizi wake hawakuufikia. Sehemu ya kwanza ya kazi yake ilichapwa Sevilla mwaka 1535. Nanasi alilisifu kwa harufu, kwa ladha, kwa sura, mpaka akalalamika kuwa maneno hayatoshi. Aliandika pia kwamba Wahispania waliokosa karatasi walikwaruza barua zao kwenye jani la copey. Nilikuwa na jani lililoanguka mkononi. Nikalikwaruza kwa ncha ya ufunguo: mstari ulitoka mweupe, na baada ya muda ukageuka kahawia na kusomeka vizuri kabisa.

Oviedo huyohuyo aliwaandika Wataino, wenyeji wa kisiwa, kwa dharau kubwa. Jicho lililoliona nanasi kwa makini vile halikuona watu. Sipendi kulipita jambo hili haraka, kwa sababu kila jengo la mtaa huu limesimama juu yake.

Juu ya mzinga wa chuma alikuwepo mjusi, urefu wa kidole, akipandisha na kushusha kichwa. Mara akatoa ngozi ya chini ya koo, ikatanuka duara la manjano, kisha akaifunga. Hao ndio anole. Kisiwa hiki kimoja kina zaidi ya aina 40 zao, na wamegawana makazi: wengine ni wa shinani, wengine wa kwenye matawi, wengine wa majani ya juu kabisa. Huyu wa mzingani alikuwa anatangaza mpaka wake. Mwenzake alikuwa kwenye gurudumu, naye akajibu.

Jumanne, Parque Colón na Calle Hostos

Parque Colón ni uwanja wa njiwa. Wako mamia, wanalishwa na watoto, na wanaketi juu ya kichwa cha sanamu ya Colón, yaani Kolumbasi mwenyewe, iliyosimamishwa mwaka 1887. Chini ya sanamu hiyo msanii aliweka mwanamke wa Kitaino anayepanda ngazi kuliandika jina la Colón. Wenyeji husema huyo ni Anacaona, malkia ambaye Ovando alimnyonga mwaka 1503. Nilizunguka uwanja, nikatazama kanisa kuu, la kwanza katika Amerika, nikaondoka. Njiwa wa mjini hawanivutii sana, na sanamu hiyo inanichoma moyo.

Mtaa wa Hostos ni habari nyingine. Unapanda kilima kwa nyumba za rangi, za chini, zenye madirisha marefu, na katikati yake kuna magofu ya hospitali ya San Nicolás de Bari iliyoanzishwa na Ovando mwaka 1503. Paa halipo. Kuta ndefu za matofali na mawe zimebaki, na matao yake yako wazi kwa anga. Hapa njiwa wamepata kazi yenye maana: kila tundu la ukutani wamelifanya kiota, na mlio wao unajaza ukumbi ambao zamani ulijaa vitanda vya wagonjwa.

Nikiwa hapo nikasikia kugongwa kwa mbao, haraka haraka. Kigogota. Alikuwa kwenye nguzo ya umeme, mgongo wenye michirizi ya manjano na myeusi, kisogo chekundu, jicho la manjano lisiloogopa mtu. Ndege huyu hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa hiki ambacho Jamhuri ya Dominika inagawana na Haiti. Vigogota wengi wanaotegemea misitu hupungua mji ukikua. Huyu amekubali nguzo, minazi iliyokufa, hata mihimili ya mapaa. Na tundu analolitoboa halipotei bure, nitalieleza Jumamosi.

Juu kabisa ya kilima yako magofu ya monasteri ya San Francisco. Mwingereza Francis Drake aliuteka na kuuharibu mji mwaka 1586, na monasteri hii haikusalimika. Lakini kilichonifanya nikae kitako kwenye ukingo wa barabara ni mti uliochanua karibu na ukuta wake: mkrismasi, mwekundu kutoka juu hadi chini, na majani yake machache hayaonekani. Hapa wanauita flamboyán. Kwetu pwani unachanua mwisho wa mwaka, mvua za vuli zikiwa zimeshaanguka, ndipo tukaupa jina hilo. Hapa mvua na joto vimejipanga kwa kalenda nyingine, nao mti umetii: unawaka Mei, Juni, Julai. Asili yake ni Madagaska. Watu wa bustani waliusambaza katika nchi za joto karne ya 19, na siku hizi wachoraji wengi wa Karibi wakitaka kuonyesha kwao wanachora mti huu. Mwanamke aliyekuwa anamwagilia mimea ya kibarazani aliniuliza natazama nini. Nilipomwambia mti huu ni wa upande wetu wa bahari, hakukubali hata kidogo. "Huu ni wa hapa," akasema, "mama yangu aliukuta."

Na mimi sikubishana naye. Mti uliokutwa na mama yake ni wa hapa.

Jumatano, mtoni

Mvua tangu usiku. Nimetoka nimechelewa, nikashuka hadi ukingo wa Ozama. Maji yalikuwa na rangi ya matope, na juu yake vilipita visiwa vya magugu maji, vya kijani kibichi, vyenye maua ya zambarau, vikielekea baharini. Wenyewe wanayaita lilas. Mtu wa Kisumu au Mwanza angeyatambua kwa mbali. Asili yake ni Amerika Kusini, na yanashamiri hapa kwa sababu ileile iliyoyashamirisha Ziwa Viktoria: maji machafu ya makazi yana mbolea nyingi. Yangebaki kwao bila uchafu wetu yangekuwa ua tu.

Kwenye mti ulioinamia maji walikuwepo mnana, wale wa manjano wenye uso mweusi, na vikapu vyao vya majani vinaning'inia. Nilidhani macho yananidanganya. Ni mnana wetu kabisa, ndege wa vijijini kote Afrika chini ya Sahara. Waliletwa kisiwani na meli kutoka Afrika Magharibi, na katika karne ya 18 walikuwa wameshakuwa wenyeji. Haiti wanamwita Madan Sara, na kwa kelele zake na pilikapilika zake jina hilo wakapewa akina mama wanaobeba biashara za masokoni kutoka mji hadi mji. Wakulima wa mpunga hawampendi. Dume mmoja alikuwa anasuka kichwa chini miguu juu, amechana ukoka mrefu kwa mdomo, akaupitisha, akauvuta, akaukaza. Nilimtazama mpaka mvua ikarudi.

Alhamisi, Parque Independencia

Leo ndiyo asubuhi niliyoisubiri. Bustani hii iko mwisho wa mtaa wa El Conde, nyuma ya lango ambalo uhuru wa nchi ulitangazwa tarehe 27 Februari 1844. Waasisi watatu wamezikwa humo. Mimi nilikuwa nawatafuta wajenzi.

Ndani kuna palma real, miti mirefu ya jamii ya minazi yenye shina laini la kijivu, limevimba kidogo katikati. Kwenye shingo ya mmoja wao, majani yanapoanzia, kulikuwa na rundo kubwa la vijiti, zaidi ya mita moja upana, limekaa ovyo. Ukilitazama kwa kupita utadhani ni takataka zilizotupwa na upepo. Kumbe ni nyumba ya ghorofa. Ndani yake jozi kadhaa za cigua palmera huishi pamoja, kila jozi na chumba chake na mlango wake wa nje. Hawaingiliani vyumba. Lakini jengo ni la wote, na kazi ya kulikarabati inaendelea mwaka mzima.

Cigua palmera ni ndege wa taifa tangu 1987. Ukubwa wake ni wa sentimita 20 hivi. Mgongo wa kahawia wenye ukijani, tumbo la maziwa lenye michirizi myeusi, jicho jekundu. Si mzuri kwa rangi, na haimbi wimbo wa kusifiwa, anapiga kelele tu. Lakini wataalamu wamempa familia yake peke yake, ya aina moja tu, yeye, na makazi yake ni kisiwa hiki na visiwa vidogo vilivyo karibu. Mtu anaweza kutembea dunia nzima na asimwone, halafu hapa anamkuta juu ya kituo cha basi.

Niliona mmoja akija na kijiti kirefu kuliko mwili wake. Anaruka kwa shida, anashuka, anapanda, upepo unamgeuza. Akafika. Wawili waliokuwa juu wakampisha. Alijaribu kukichomeka upande wa kushoto kikagoma, akahamia kulia, akakisukuma kwa kifua mpaka kikaingia. Kijiti kingine kikaanguka papo hapo. Chini ya mti palikuwa na vijiti vingi vya namna hiyo, na mzee mfagiaji alikuwa anavikusanya kwa fagio refu.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa nafagia uchafu wao kila siku ya Mungu."

Nikamuuliza kama kiota kimewahi kuangushwa ili pasifagiliwe.

Akatikisa kichwa. "Tukikiangusha wanaanza upya kesho. Na nani ataamsha watu?" Akaniambia baada ya vimbunga huonekana haohao wa kwanza kurudi kujenga, hata palma ikiwa imebaki na majani mawili. Mji huu unavijua vimbunga. Cha San Zenón, tarehe 3 Septemba 1930, kiliua watu zaidi ya elfu mbili na kuangusha sehemu kubwa ya nyumba.

Nilikaa naye hadi jua lilipokuwa kali. Tulihamia kwenye kivuli cha mkangazi wa Karibi, ambao wenyeji wanauita caoba. Ni mti wa taifa, na mbao yake ndiyo mahogani ya kwanza kabisa Ulaya kuijua. Kiti na meza za matajiri zilimaliza misitu yake. Hadi 2011 ua la mti huu ndilo lililokuwa ua la taifa, kisha heshima hiyo wakapewa waridi wa Bayahíbe, mmea wa jamii ya dungusi kakati wenye majani halisi, ambao asili yake ni nchi hii tu. Nafurahi kwamba kilichochaguliwa ni kitu adimu kinachohitaji ulinzi. Lakini ningependa pia kuona mikangazi ya mjini ikipewa hifadhi ya kisheria ileile wanayopewa mawe ya Calle Las Damas. Ukuta ukibomoka mafundi wanaweza kuupanga tena. Mti wa miaka mia ukikatwa kwa ajili ya maegesho, hakuna fundi.

Ijumaa, Malecón

Barabara ya baharini, Malecón, inaanzia mdomo wa mto kwenda magharibi. Mwanzoni kabisa yuko Antonio de Montesino, sanamu ya mita 15, zawadi ya Meksiko, kiganja kando ya mdomo, anapaza sauti kuelekea baharini. Ni yule padri aliyesimama kanisani Desemba 1511 akawauliza Wahispania wenzake kuhusu Wataino: "Je, hawa si watu?" Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa 1521, Waafrika waliotumikishwa katika shamba la miwa la Diego Colón, mwana wa Kolumbasi, waliasi, na Januari 1522 ikatolewa sheria kali ya kuwadhibiti. Kanisani liliulizwa swali. Shambani hawakusubiri jibu.

Chini ya sanamu kuna ufuko mdogo. Julai 2018 mvua ziliubeba uchafu wa Ozama na mawimbi yakaurudisha hapa, zulia zito la plastiki lililoinuka na kushuka na maji. Picha zake zilizunguka dunia. Leo palikuwa na chupa, viatu, na magugu maji ya juzi yaliyokauka. Wavulana wawili walikuwa wanavua kwa mshipi katikati ya vyote hivyo.

Mbele zaidi unaanza mji wa miti ya bahari yetu. Mikungu, mmoja baada ya mwingine, matawi yametandazwa kwa ngazi, majani machache yamegeuka mekundu kabla ya kudondoka. Popo wala matunda hubeba kungu usiku na kuziangusha wanapokula, ndiyo maana miche inaota mahali ambapo hakuna aliyepanda. Nilivunja moja kwa jiwe nikala kokwa yake, kama tulivyokuwa tukifanya Forodhani. Kisha minazi. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2011 umeonyesha kuwa minazi ya Karibi ni uzao wa minazi ya Bahari ya Hindi: Wareno waliipeleka Visiwa vya Cape Verde baada ya kuzunguka Afrika, na kutoka huko ikavuka Atlantiki katika karne ya 16. Kabla ya Vasco da Gama hapakuwa na mnazi ufukoni hapa. Wataino waliishi karne nyingi bila kuujua.

Mchana niliingia kwa mama lishe mmoja nyuma ya Malecón. Sahani ya siku ilikuwa moro de guandules con coco: wali uliopikwa pamoja na mbaazi katika tui la nazi. Mbaazi zilitoka India, zikapita kwetu, zikafika huku katika biashara ya utumwa. Waliozipika kwanza kisiwani hapa walikuwa watu walionyang'anywa kila kitu, na bado wakapata mahali pa kuotesha chakula wanachokijua. Nilikula polepole sana. Nikaomba nyingine.

Jumamosi, pericos

Asubuhi ya mwisho nimetoka nje ya mji wa kale, nikaenda kwenye bustani za hoteli ya El Embajador, upande wa magharibi wa jiji. Kasuku wa kisiwa hiki, perico, wa kijani mwenye duara jeupe machoni na wekundu chini ya bawa, hulala humo kwa makundi. Katika orodha ya kimataifa yuko hatarini. Mashambani huuawa kwa kula mahindi, makinda yake huibwa yakauzwe, na misitu aliyoizoea imekatwa. Mji umekuwa kimbilio lake, jambo ambalo nisingelikisia nilipokuwa natua.

Hapa ndipo kigogota wa Jumanne anaporudi. Perico hatoboi mti, anahitaji tundu lililokwisha kuwepo: shimo la mti uliooza, kichuguu cha mchwa juu ya tawi, au chumba kilichoachwa na kigogota. Kila mti mkavu unaoondolewa mjini kwa ajili ya usafi ni nyumba imeondoka. Nilimwambia hivyo kijana wa bustani aliyekuwa na msumeno, akanionyesha kwa kidole shina moja kavu nyuma ya ukuta ambalo wao wenyewe wameliacha kwa makusudi, lina matundu matatu.

Waliondoka kabla jua halijatoka vizuri. Kwanza kelele, mti mzima unazomea, halafu kundi la kumi, la ishirini, wanapita juu ya maghorofa kwa mwendo wa kasi kuelekea kaskazini penye mashamba na miti ya matunda. Baada ya nusu saa hakubaki hata mmoja.

Ukienda, fika saa kumi na moja na nusu, giza likiwa bado lipo. Simama barabarani, upande wa nje, wala usitumie taa ya simu. Jioni kabla ya machweo wanarudi, na kelele zake ni kubwa zaidi. Watu wa mtaa hutoka na viti vyao kuwatazama, na watakupisha nafasi.